Niliyesimama na mfuko wa nyanya ni mtu wa aina gani?

Swali la msomaji: "Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Historia katika sekondari moja mjini Morogoro. Majuma mawili yaliyopita nilikuwa natoka sokoni, nikakuta kijana wa kama miaka kumi na saba anapigwa karibu na kijiwe cha bodaboda. Wanasema kaiba simu. Alikuwa analia 'mama nakufa, mama nakufa'. Nilisimama na mfuko wangu wa nyanya, sikusema neno. Mama mmoja anayekaanga vitumbua pale pale ndiye aliyejitosa katikati yao, akamvutia kijana nyuma ya meza yake, akaanza kuwafokea wale vijana mmoja mmoja kwa majina yao mpaka mjumbe akafika. Sijui hata kama kijana aliiba kweli. Usiku sikulala. Wiki hiyo hiyo nilikuwa naandaa somo la Wanazi na maangamizi ya Wayahudi, na darasani mwanafunzi mmoja akasema, 'Mwalimu, hayo ni mambo ya Wazungu.' Nilishindwa kumjibu. Naomba unisaidie: wale waliowaficha Wayahudi walizaliwa na roho ya namna gani? Na mimi niliyesimama ni mtu wa aina gani?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Swali lako la mwisho nalijibu kwanza, kwa kifupi: wewe ni mtu wa kawaida kabisa. Usiichukue kama pole. Nimefundisha somo hili zaidi ya miaka ishirini, na wanaonitisha ndani yake ni watu wa kawaida kuliko Hitler mwenyewe.

Kabla hatujaenda mbali, tuweke mpaka. Ulichokiona kijiweni si Holokosti, yale maangamizi ya Wayahudi. Kule palikuwa na dola nzima kazini: sheria zilizotungwa, makarani waliojaza fomu, reli iliyopanga ratiba za treni, wahandisi waliojenga matanuri ya kuchomea maiti. Waliuawa Wayahudi wapatao milioni 6, na katika kambi ya Auschwitz peke yake walikufa watu wapatao milioni 1.1. Ukiwaambia wanafunzi kwamba ni kitu kimoja na kipigo cha kijiweni, watacheka au watachoka, na watakuwa na haki. Lakini kote kuwili yuko anayeumizwa, wako wanaoumiza, na wako wengi waliosimama na mizigo yao mkononi. Kundi hilo la tatu ndilo linalokunyima usingizi, nami nitakaa nalo.

Ukiingia darasani anza na fundi mwashi. Primo Levi alikuwa mkemia kijana wa mji wa Torino, Italia. Februari 1944 alipakiwa kwenye treni pamoja na Wayahudi wengine wapatao 650 kutoka kambi ya Fossoli, wakapelekwa Auschwitz. Waliorudi makwao walikuwa wachache mno. Yeye aliangukia Monowitz, kambi iliyotoa vibarua wa kujenga kiwanda cha mpira. Pale pale kiwandani walikuwepo pia mafundi raia, na mmoja wao alikuwa mwashi wa Kiitaliano, Lorenzo Perrone wa Fossano, mtu mzito wa maneno. Walikutana kiangazi cha 1944. Tangu hapo, kila siku kwa miezi sita, Lorenzo alimletea Levi supu iliyobaki jikoni kwao, katika bakuli la bati kama lile wanalolia askari.

Levi alikumbuka vitu vilivyokuwa vinaelea humo: kokwa za plamu, maganda ya soseji, na siku moja bawa zima la shomoro na manyoya yake. Sijawahi kuona mtu akichora picha ya wema na bawa la shomoro ndani yake, lakini ndivyo ulivyokuwa. Lorenzo alimpa pia fulana yake yenye viraka, akamwandikia kadi ya posta kwenda Italia, na jibu lilipokuja akamfikishia. Raia aliyekamatwa akishirikiana na mfungwa aliweza kutupwa kambini yeye mwenyewe. Malipo hakuyataka. Sisi tuna msemo, tenda wema uende zako, tunauandika hata kwenye khanga. Huyu aliuishi bila kuuandika popote.

Levi alikuja kusema kwamba supu ilimsaidia mwili, ila kilichomshikilia hasa ni kujua kwamba nje ya ule uzio bado yuko mtu ambaye hajaoza.

Sasa sikiliza mwisho wa Lorenzo, maana wengi huukata. Vita vilipoisha alirudi Italia kwa miguu, safari ya miezi. Uashi akauacha, akawa mlevi, analala nje hata wakati wa theluji. Levi alimtafuta, akamtafutia hospitali, akajaribu kumrudisha. Haikuwezekana. Lorenzo alikufa mwaka 1952. Alichokiona kule hakukipona. Levi aliwapa watoto wake wawili majina yanayotokana na la kwake: Lisa Lorenza na Renzo. Mwaka 1998 taasisi ya kumbukumbu za Holokosti ya Yad Vashem, Jerusalem, ikamwandika Lorenzo miongoni mwa watu wa mataifa waliowaokoa Wayahudi, orodha ambayo leo ina majina zaidi ya 28,000.

Wema hauozi, wahenga walisema. Sina ugomvi nao, lakini anayeutenda anaweza kuoza, na mwanafunzi wa sekondari ni mkubwa wa kutosha kuambiwa hivyo. Katika Poland iliyotekwa, kumficha Myahudi adhabu yake ilikuwa kifo. Józef na Wiktoria Ulma wa kijiji cha Markowa waliwaficha Wayahudi wanane. Tarehe 24 Machi 1944 askari wa Kijerumani walifika, wakawaua wote wanane, kisha baba, kisha mama aliyekuwa na mimba kubwa, kisha watoto wao sita. Kanisa Katoliki liliwatangaza wenye heri Septemba 2023. Nimewahi kumsikia mzungumzaji mmoja kwenye kongamano akisimulia habari za waokoaji kana kwamba kila mlango uliofunguliwa ulileta baraka. Nilitoka nje kunywa chai.

Turudi kwenye swali lako la kwanza, kama walizaliwa hivyo. Aliyelishughulikia kwa kina ni mwanasosholojia Samuel Oliner, na alikuwa na sababu. Agosti 1942, akiwa na miaka 12, familia yake yote iliuawa. Walikuwa wamefungiwa geto. (Waambie wanafunzi mapema kwamba geto hilo si chumba cha kupanga cha kijana asiyeoa, ni mtaa uliozungushiwa ulinzi, watu wanasongamana humo wakisubiri zamu yao.) Mtoto akakimbia porini, kisha akaenda kugonga mlango wa mwanamke mkulima Mpoland, Balwina Piecuch, aliyemfahamu baba yake. Balwina akamwingiza ndani. Akampa jina la Kipoland, akamfundisha sala za Kikatoliki ili asishtukiwe, akamtafutia kazi ya shamba katika kijiji kingine.

Alipokuwa profesa Marekani, Oliner na mkewe Pearl waliwahoji waokoaji zaidi ya 400 na kuwalinganisha na watu wa maeneo yale yale ambao hawakuokoa mtu. Matokeo yalitoka mwaka 1988. Waokoaji hawakuwa matajiri kuliko wenzao, wala washika dini kuliko wenzao. Tofauti zilikuwa kwingine. Walikuwa wanahesabu watu wengi zaidi kuwa ni wa kwao, nje ya ukoo, dini na kabila. Wengi walilelewa na wazazi waliozoea kumweleza mtoto kosa lake kuliko kumchapa. (Hili la fimbo najua litawakuna baadhi ya walimu wenzetu. Na likune.) Tena wengi hawakuanza wenyewe. Waliombwa. Mtu aligonga, au rafiki alikuja kuuliza kama wanaweza kumweka fulani kwa usiku mmoja. Usiku mmoja ukawa wiki, wiki ikawa miaka miwili. Ukiwauliza walipata wapi ujasiri wa miaka miwili, wengi wanashangaa swali, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaomba miaka miwili. Waliombwa usiku mmoja.

Shika neno hilo, kuombwa. Nitalirudia.

Upande wa pili ukoje? Mwanahistoria Christopher Browning alisoma mahojiano ya kipolisi ya miaka ya 1960 kuhusu Kikosi cha 101 cha polisi wa akiba kutoka Hamburg. Hawa hawakuwa vijana waliokunywa sumu ya Nazi tangu utotoni. Wengi walikuwa watu wazima wenye familia: wapakizi wa bandarini, madereva, makarani. Alfajiri ya tarehe 13 Julai 1942 walifikishwa kijiji cha Józefów, Poland. Kamanda wao, Meja Wilhelm Trapp, aliwaeleza kazi ya siku hiyo huku machozi yakimlengalenga: wanaume wenye nguvu wachaguliwe kwa kazi, wanawake, watoto na wazee wapigwe risasi. Kisha akasema jambo lisilotarajiwa. Wale wenye umri mkubwa kidogo wasiojiweza kwa kazi hii wajitokeze mbele, atawapa kazi nyingine.

Hebu isimamishe picha hiyo darasani. Watu karibu 500 wamesimama, mkubwa wao analia na amewafungulia mlango wa kutokea. Kimya. Kisha mmoja akapiga hatua mbele. Kapteni wake akaanza kumkaripia, Trapp akamnyamazisha kapteni. Hapo ndipo wengine kumi au kumi na wawili wakatoka. Waliobaki wakaenda kazini, na mpaka jua linazama walikuwa wameua Wayahudi wapatao 1,500. Katikati ya siku wengine walishindwa, wakajificha nyuma ya malori au wakaomba kubadilishwa. Waliojitoa hawakupigwa risasi wala kufungwa. Tena katika kesi zote zilizofanyika baada ya vita, mawakili wa utetezi walitafuta Mjerumani hata mmoja aliyeuawa kwa kukataa kuwaua raia wasio na silaha. Hawakumpata.

Kwa nini basi hawakutoka? Miaka ishirini baadaye walitoa majibu ya kusikitisha kwa udogo wake. Mmoja hakutaka wenzake wamwone mwoga. Mwingine hakuwa na muda wa kufikiri. Wengine walidai hata hawakuisikia ile ruhusa ya meja. Ukatili wa vitabuni una macho mekundu. Huu wa Józefów uliona haya mbele ya wenzake.

Nadhani hapo umeanza kujiona, na sina nia ya kukuficha. Mwaka 1968 wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi wa fani hiyo analijua. Mtu amekaa chumbani peke yake, anaongea na wengine kupitia vipaza sauti. Ghafla mmoja wao anasikika ameshikwa na kifafa. Wale walioamini kwamba ni wao peke yao wanaosikia, asilimia 85 waliinuka kwenda kuomba msaada kabla mgonjwa hajanyamaza. Walioamini kwamba wako wengine wanne wanaosikia, asilimia 31 tu. Na wale walioganda kitini hawakuwa wakavu wa roho: walikutwa wanatetemeka, viganja vimelowa jasho. Walikuwa wanangoja kujua kama jambo hili ni la kwao.

Hata hivyo usiondoke na jaribio hilo peke yake, maana limewapa watu kisingizio kizuri. Miaka ya karibuni watafiti walitazama picha za kamera za mitaani za ugomvi 219 katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika tisa kati ya kila kumi, mtu angalau mmoja aliingilia kusaidia. Na kadiri watu walivyokuwa wengi, ndivyo ilivyokuwa rahisi zaidi kupatikana huyo mmoja. Kwa hiyo kijiweni kwenu palitokea kile ambacho kwa kawaida hutokea: alipatikana mmoja. Hakuwa wewe.

Mtazame alivyofanya. Hakuhubiri. Aliwataja kwa majina. Magazeti yetu yana usemi ambao ningependa ufe leo, "ameuawa na wananchi wenye hasira kali". Umewahi kukutana na mwananchi mwenye hasira kali? Hana jina, hana mama, hana nyumba anayopanga. Anatokea, anaua, anayeyuka. Wanazi nao walikuwa na kamusi yao. Kupelekwa kuuawa kuliandikwa "kuhamishwa mashariki", na kuua kuliitwa "matibabu maalumu". Karani akishaandika hivyo anaweza kwenda kula chakula cha mchana. Mama wa vitumbua alifanya kinyume chake: alilichukua lile kundi lisilo na jina akalivunja vipande vipande, kila kipande na jina lake. Kijana aliyetajwa jina na mama anayemkopesha vitumbua kila asubuhi hawezi tena kuwa wananchi wenye hasira kali.

Kuhusu mwanafunzi wako na "mambo ya Wazungu": mpe jina moja. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Alikuwa mtoto tu alipotumikia jeshi la Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 akafika Berlin, akadai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake. Hakulipwa. Alifanya kazi ya uhudumu, akaigiza vijisehemu kwenye filamu, na akawa akifundisha Kiswahili chuo kikuu cha Berlin. Fikiria, maneno haya haya ninayokuandikia aliyatamka mbele ya wanafunzi wa Kijerumani, akisahihisha matamshi yao. Mwaka 1941 alikamatwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, kwa kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Hakuwa Myahudi, na kifo chake si sehemu ya Holokosti kwa maana yake hasa; lakini wazo lililomwua ni lile lile, kwamba damu ya watu ina madaraja. Leo mbele ya nyumba moja ya Berlin kuna kijiwe cha shaba ardhini chenye jina lake.

Na kama bado atabisha, mpeleke Rwanda, 1994, kwa bibi mganga Zura Karuhimbi, aliyewaficha watu zaidi ya 100 nyumbani kwake. Silaha yake ilikuwa uchawi aliodai anao: alijipaka majani yanayowasha, akiwagusa wauaji wanawashwa, wanaamini mizimu imewapanda, wanakimbia. Alipewa medali mwaka 2006, akafariki Desemba 2018. Wanafunzi hucheka nikifika hapo. Nawaacha wacheke.

Limebaki lile la usiku usiolala. Nina kisa kimoja, tena cha Levi. Agosti 1944, joto na kiu kali, walikuwa wanaondoa vifusi katika handaki kiwandani. Levi akaona bomba ukutani, akalegeza mwisho wake, maji yakatoka. Pengine lita moja. Angeweza kuyanywa yote. Angeweza kuwaambia wote. Alimwambia rafiki yake mmoja, Alberto, wakalala chini ya bomba kwa zamu mpaka likakauka. Njiani kurudi kambini walikuwa jirani na mwenzao mwingine, Daniele, midomo yake imepasuka, uso umejaa vumbi la saruji. Daniele alikuwa amewaona, akakisia. Hakusema kitu siku ile. Alikuja kusema miezi mingi baadaye, wameshakombolewa: kwa nini nyinyi wawili, na mimi hapana?

Levi aliibeba aibu hiyo zaidi ya miaka arobaini. Mfungwa, mwenye njaa, aliyeonewa kuliko wote, kwa maji yasiyofika hata nusu ndoo. Alijiuliza kama aibu yake ina haki au haina, akashindwa kuamua. Alichojua ni kwamba ipo. Sitakuondolea ya kwako, basi. Ingekuwa haikuja kabisa, ndipo ningekuwa na wasiwasi na wewe.

Ila nitakupa kazi. Nimekuambia wengi wa waokoaji waliombwa. Kijana wako naye aliomba: alisema "mama". Walimsikia wote pale kijiweni, na wewe ulimsikia, nadhani uliona anamwita mama yake aliyeko nyumbani. Nenda ukanunue vitumbua. Usiende asubuhi foleni ikiwa ndefu, nenda saa nne wakati anaosha vyombo. Muulize siku ile alisikia nini, aliona nini kwanza, alijua vipi aanze na jina la nani. Usimwambie yeye ni shujaa, atakukimbia. Uliza kama mwalimu anayeandaa somo. Na ukishamaliza, mwambie na wewe ulikuwepo, na ulisimama wapi. Pengine anajua tayari. Ule mfuko wa nyanya alikuwa anautazama.